Kutumikia kilima na kuomba kura: mambo ya kujua kabla hujarudi Gitega au Muyinga

Habari za uchaguzi wa Burundi zikifika kambini, mazungumzo huanzia juu: nani rais, nani mbunge, chama gani kimepata viti vingapi. Ni haki kuuliza hayo. Lakini kama unafikiria kurudi, au umeacha mama, kaka au shamba Gitega au Muyinga, kuna uchaguzi mwingine utakaokugusa mapema zaidi. Ulifanyika tarehe 25 Agosti 2025. Siku hiyo Warundi walichagua viongozi wa vilima na wa mitaa.

Ndugu msomaji, mkuu wa kilima ndiye mtu wa kwanza wa serikali utakayekutana naye ukishashusha mzigo wako. Ndiye atakayeulizwa kama anakufahamu. Ndiye atakayeulizwa itongo la baba yako lilianzia wapi na kuishia wapi. Ukitafuta karatasi ya komini, utaanzia kwake. Ikija misaada ya waliorudi, yeye ni mmoja wa watakaosema nani anakaa wapi.

Kwa hiyo swali la makala haya ni hili: mtu anayewatumikia wenzake, anayepatanisha majirani, anayekusanya watoto wasio na kwao, anayewafundisha watu kuweka akiba, anaweza kupata uongozi Burundi kwa sababu ya kazi hiyo? Jibu linategemea ngazi anayogombea. Tutatazama watu wawili waliojaribu ngazi ya juu kabisa, mmoja mwaka 1993 na mwingine mwaka 2020, kisha tushuke mpaka kilimani, ambako jibu linakuhusu wewe.

Mkimbizi aliyerudi Gitega

Wengi wanamkumbuka Melchior Ndadaye kwa kifo chake. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa mkimbizi, na kwamba kabla ya kuwa mgombea alifanya kazi ya vijijini.

Ndadaye alizaliwa mwaka 1953 Nyabihanga, katika mkoa wa Muramvya wa wakati ule. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu Gitega mauaji ya 1972 yalipotokea. Akakimbilia Rwanda, akamaliza masomo huko, akafundisha huko, na akaongoza jumuiya ya wanafunzi Warundi walioko uhamishoni. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha UBU, kisha akatoka baada ya kutofautiana na wenzake kuhusu njia ya kufuata. Mwezi Septemba 1983 akarudi Burundi.

Alirudi kwenye kazi isiyo na sifa kubwa: kusimamia vyama vya ushirika vya akiba na mikopo katika mkoa wa Gitega, mpaka mwaka 1988. Fikiria kazi hiyo inamkutanisha mtu na nani. Mkulima anayeweka faranga chache baada ya kuuza kahawa. Mama anayetaka mkopo wa mbuzi. Mwalimu wa shule ya msingi anayeandika daftari la wanachama. Katika vyama vya namna hii, uongo hauishi muda mrefu: mwisho wa mwezi hesabu inasomwa na kila mmoja anajua alichoweka. Anayeshika fedha za watu kwa miaka mitano bila kuzila anakuwa na jina ambalo mkutano wa hadhara hauwezi kulitengeneza.

Mwaka 1988, baada ya mauaji ya Ntega na Marangara, alisema hadharani Gitega mambo ambayo wengi waliyasema kwa kunong'ona, akafungwa gereza la Rumonge. Wakati huo chama cha FRODEBU kilikuwa kimeshaanza kwa siri. Mwaka 1992 katiba mpya iliruhusu vyama vingi, na FRODEBU ikasajiliwa. Tarehe 1 Juni 1993 Ndadaye alipata takriban asilimia 65 ya kura, na Rais Pierre Buyoya, aliyekuwa madarakani, takriban asilimia 32. Katika uchaguzi wa wabunge mwezi huo huo, FRODEBU ilipata viti 65 kati ya 81.

Tusimtendee historia vibaya kwa kusema ni ushirika wa akiba uliomfanya rais. Kulikuwa na mambo mengine makubwa: hasira ya miaka mingi, hesabu ya makabila, upepo wa vyama vingi uliovuma Afrika nzima. Lakini kwa swali letu, angalia vitu vitatu vilivyokuwapo pamoja mwaka 1993. Kwanza, mgombea aliyejulikana kwa kazi. Pili, chama kilichokuwa na mtu karibu kila kilima: mwalimu, muuguzi, mwanaushirika, mtu wa kulitaja jina la mgombea na kukaa kituoni kura zikihesabiwa. Tatu, uchaguzi ambao aliyeshindwa alikubali kwamba ameshindwa.

Kitu cha nne kilikosekana. Waliokuwa na bunduki hawakukubali. Ndadaye aliapishwa tarehe 10 Julai 1993 na akauawa tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo, siku chache baada ya kutimiza miezi mitatu. Wasomaji wengi wa tovuti hii walizaliwa kambini, au wazazi wao walikimbia, kwa sababu ya yaliyofuata siku ile.

Mwaka 2020: kazi njema, kura chache

Sasa tazama miaka 27 baadaye. Uchaguzi wa rais wa tarehe 20 Mei 2020 ulikuwa na wagombea saba. Wawili kati yao hawakuwa na chama. Mmoja wao ni Dieudonné Nahimana, mwanzilishi wa shirika la New Generation, linalojulikana kwa kuwasaidia watoto wa mitaani na vijana mjini Bujumbura. Yeye mwenyewe alimpoteza baba yake katika machafuko yaliyoanza mwaka 1993.

Kama utumishi pekee ungetosha, huyu alikuwa nao. Sheria ilimruhusu kugombea: katiba inataka mgombea awe na wadhamini 200, wakitoka katika makabila na jinsia zote, na aweke dhamana ya fedha. Alitimiza hayo, jina lake likawekwa kwenye orodha. Matokeo yalipotangazwa, Évariste Ndayishimiye wa CNDD-FDD alikuwa na karibu asilimia 69, Agathon Rwasa wa CNL asilimia 24. Nahimana hakufika asilimia moja.

Je, watu hawakuithamini kazi yake? Sidhani kwamba hesabu hiyo inatuambia hivyo. Inatuambia kwamba jina jema la Bujumbura halipandi lenyewe mpaka Giteranyi au Bukirasazi. Mgombea asiye na chama anahitaji watu wake katika maelfu ya vituo: wa kumtaja, wa kuvumilia macho ya majirani, wa kukaa mpaka usiku kura zihesabiwe. Siku ile ya kupiga kura mitandao ya kijamii ilizimwa, kwa hiyo hata njia ambayo mgombea wa vijana angeitegemea ilifungwa. CNL yenyewe, iliyokuwa na watu vilimani, ilipinga matokeo mahakamani ikakataliwa.

Hapo ndipo tofauti ya Ndadaye na Nahimana ilipo. Wote wawili walikuwa na kazi ya kuonyesha. Mmoja alikuwa na mtandao wa watu vilimani na uchaguzi ulio wazi kiasi. Mwingine hakuwa na hivyo viwili.

Mwaka 2025: bunge la chama kimoja

Baada ya 2020 ngazi ya juu imezidi kuwa nyembamba. Machi 2024, kongamano la CNL lililofanyika Ngozi lilimwondoa Rwasa kwenye uongozi wa chama alichokianzisha mwenyewe. Mwaka huo huo sheria mpya ya uchaguzi ilizidisha masharti kwa anayetoka chama kimoja akitaka kusimama kama mgombea binafsi. Rwasa, aliyekuwa wa pili mwaka 2020, hakuwamo kabisa kwenye uchaguzi wa 2025.

Tarehe 5 Juni 2025, CNDD-FDD ilipata zaidi ya asilimia 96 ya kura za wabunge na viti vyote 100 vilivyogombewa. Sababu mojawapo imo kwenye katiba: orodha isiyofikisha asilimia 2 ya kura za nchi nzima haipati kiti hata kimoja. Hakuna chama kingine kilichofika hapo. Viti vitatu vya Batwa vinajazwa kwa uteuzi, kama katiba inavyotaka. Wapinzani walilalamika kwamba watu wao walifukuzwa vituoni na kwamba kura zilipigwa kwa niaba ya wengine. Tume ya uchaguzi ilisema mambo yalikwenda vizuri.

Maana yake kwa mtumishi wa kijijini ni nyepesi kueleza. Akitaka kuwa mbunge wa Gitega au wa Buhumuza leo, njia inayofungua mlango ni moja: kuwekwa kwenye orodha ya chama tawala, tena mahali pa juu kwenye orodha hiyo. Kazi yake njema inaweza kumsaidia ndani ya chama. Nje ya chama haimfikishi bungeni.

Umeona nimeandika Buhumuza. Kama uliondoka Burundi kabla ya mabadiliko haya, yafahamu vizuri, kwa sababu anwani yako imebadilika. Sheria ya Machi 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42. Imeanza kutumika pamoja na uchaguzi wa 2025. Mkoa wa Muyinga haupo tena: umeunganishwa na Cankuzo na Ruyigi kuwa Buhumuza, na makao makuu yako Cankuzo. Komini saba za Muyinga ya zamani zimekuwa mbili, Muyinga na Butihinda. Anayetoka Giteranyi, Gasorwe au Mwakiro sasa yuko ndani ya mojawapo ya hizo. Gitega imebaki na jina lake na imekuwa kubwa zaidi, ikizijumlisha Karusi, Muramvya na Mwaro. Komini 11 za Gitega ya zamani zimekuwa tatu: Gitega, Bugendana na Gishubi.

Kwa hiyo ofisi ya komini iko mbali zaidi, na mkuu wake ana watu wengi zaidi wa kuwasikiliza. Gavana wa mtu wa Muyinga yuko Cankuzo. Komini ikisogea mbali, mkuu wa kilima anakuwa mzito zaidi.

Kilimani sheria inasema nini

Kilima, umusozi, ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala. Vilivyo nchi nzima, pamoja na mitaa ya mijini, ni zaidi ya 3,000. Kila kilima kina baraza la watu watano wanaochaguliwa na wakaazi wenyewe. Aliyepata kura nyingi kuliko wote ndiye mkuu wa kilima. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwa sheria, wagombea wa baraza hili husimama kama watu binafsi. Hakuna orodha ya chama, na hakuna asilimia 2 ya nchi nzima. Mgombea anahitaji kura za watu wanaomwona akipita kila siku na jembe lake.

Kwenye karatasi, basi, hii ndiyo ngazi pekee ambapo kazi ya jamii inaweza kugeuka kura moja kwa moja.

Kilimani kwenyewe mambo yana utata. Kila mtu anajua jirani yake ni wa chama gani, hata kama karatasi ya kura haisemi. Pale ambapo Imbonerakure wana nguvu, mtu anaweza kufikiri mara mbili kabla ya kusimama dhidi ya anayependwa na chama. Vilima havifanani: pengine mkuu ni mtu wa chama tu, pengine ni mtu wa chama ambaye pia ni mtu wa haki, pengine ni mzee aliyechaguliwa kwa sababu hakuna mwingine anayeaminiwa na pande zote. Ndiyo sababu habari ya jumla kuhusu Burundi haikutoshi. Unahitaji habari ya kilima chako.

Kando ya baraza hilo kuna jingine usilichanganye nalo: baraza la wazee wa usuluhishi wa kilima. Sheria ya Januari 2021 ililianzisha, na tarehe 7 Machi 2022 wajumbe wake 15 kwa kila kilima walichaguliwa. Kazi yao ni kupatanisha kabla kesi haijafika mahakamani, kazi ambayo zamani ilikuwa ya abashingantahe waliovishwa heshima hiyo na jamii. Mwaka huo huo wa 2022 muda wa CNTB, ile tume ya ardhi na mali nyingine iliyoanza mwaka 2006, uliisha. Kwa hiyo aliyekimbia 1972, 1993 au 2015 na kukuta shamba lake lina mwenyewe mwingine hana tena tume ya pekee ya kumwendea. Anaanzia kilimani.

Kwa mwanamke jambo hili ni kubwa zaidi. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya urithi wa ardhi, mila ndiyo inayoamua. Mjane au binti anayerudi bila mume wala kaka anategemea wazee wa kilima watakavyoielewa haki. Mjumbe mmoja mwenye msimamo anaweza kumwokolea kiwanja. Mjumbe mmoja mwenye tamaa anaweza kumrudisha barabarani.

Kazi ya jamii ipi?

Neno «kazi ya jamii» nalo linahitaji kuchunguzwa. Burundi kuna kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi. Tangu wakati wa Rais Pierre Nkurunziza, kuanzia 2005, shule nyingi zilijengwa kwa mikono ya wananchi namna hiyo. Madarasa hayo ni ya kweli na watoto wanasoma ndani yake. Lakini kazi inayoongozwa na mtawala ina upande wa pili: anayeshika jembe mbele ya wengine ndiye pia anayejua nani hakuja.

Ndivyo ilivyokuwa na michango ya uchaguzi wa 2020. Agizo la Desemba 2017 liliweka faranga 2,000 kwa kaya na 1,000 kwa mwanafunzi aliyefikia umri wa kupiga kura, likisema ni kwa hiari. Vilimani, wapo waliodaiwa stakabadhi kabla ya kupita au kupata huduma. Baadhi yenu mliondoka nyumbani wakati huo. Kumtumikia mtu na kumsimamia si kazi moja, ingawa zote mbili zinaweza kufanywa na mtu yule yule kwa maneno yale yale mazuri.

Kipimo tunacho katika mila zetu wenyewe. Ikibiri, ile kazi ya zamu shambani, ilikuwa na kanuni moja: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na asiyeweza kulima kwa ugonjwa au uzee halaumiwi. Utumishi wa aina hiyo unajulikana kwa mambo mawili. Asiyekuwa wa upande wako naye anafaidika, na asiyeshiriki haadhibiwi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Ukipiga simu nyumbani, au ukikutana na mtu aliyevuka mpaka wa Kobero juzi, usiulize tu «kuna usalama?» Hilo ni swali pana na jibu lake huwa pana. Uliza haya:

Nani mkuu wa kilima tangu Agosti 2025, na kabla ya hapo alikuwa nani? Jina pekee mara nyingi litakueleza mengi.

Kabla ya kuchaguliwa alifanya nini kwa ajili ya watu, na nani alifaidika? Je, waliorudi kutoka Tanzania au Rwanda wamo kati ya waliofaidika?

Kesi ya mwisho ya shamba la aliyerudi iliishaje? Uliza kesi moja, mwanzo mpaka mwisho. Nani alikaa kusikiliza, nani aliandika, nani alishinda, na je, uamuzi ulitekelezwa?

Mjane yeyote amepewa haki yake kilimani hapo karibuni?

Asiye na kadi ya chama anapata karatasi zake kama wengine?

Waulize watu wawili wasiokaa nyumba moja. Wakisema jambo moja, una habari. Wakipingana, subiri na uulize wa tatu. Na usimwombe mtu aliyeko kilimani akujibu mambo ya chama kwa simu kama unaona sauti yake inasita. Mkubaliane kwa maneno ya kawaida: shamba, maji, mtoto, karatasi. Usalama wake unakuja kabla ya habari yako.

Wapo watakaosema: maswali yote haya ya nini, wakati hatuna hiari? Ni kweli kwamba shinikizo la kurudi si jipya. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Agosti 2019 serikali za Tanzania na Burundi zilikubaliana kuhusu kuwarudisha wakimbizi, na zaidi ya watu 200,000 wamerudi kutoka nchi za jirani tangu mpango wa kurudi kwa hiari ulipoanza mwaka 2017. Lakini hata anayerudi kwa kubanwa anahitaji kujua anaangukia mikononi mwa nani. Aliyejua jina la mzee mmoja wa haki kabla ya kufika ana pa kuanzia. Asiyejua anaanza kwa kuuliza njia mbele ya watu ambao pengine wamekaa kwenye shamba lake.

Na wewe unayetumikia hapa

Kambini pia kuna watu wa aina hii. Kiongozi wa zoni anayekesha na mgonjwa akisubiri gari la hospitali. Mama anayeshika kitabu cha kikundi cha akiba na hajawahi kupungukiwa. Kijana anayefundisha hesabu jioni bila malipo. Wengi wenu mnasema: nikirudi, nitasimama nichaguliwe.

Historia ya Ndadaye inakuambia kwamba uhamisho haufuti sifa ya mtu, na kwamba kazi ndogo ya hesabu safi inaweza kuwa mzizi wa jambo kubwa. Historia ya Nahimana inakuambia usitegemee jina jema peke yake: ngazi ya juu inataka watu wako vilimani na nafasi iliyo wazi, na nafasi hiyo leo ni finyu. Uchaguzi wa rais ujao ni 2027, baada ya miaka saba ya Rais Ndayishimiye. Kwa utaratibu wa miaka mitano, wa kilima ni 2030.

Miaka hiyo ni mingi kwa anayerudi leo. Anza na daftari badala ya tangazo. Watu wa kilima hawajui ulichofanya Nduta au Nyarugusu, na hawana sababu ya kukuamini kwa cheti cha semina. Wanachoweza kuona ni kama unakwenda kuchota maji na wengine, kama unarudisha ulichokopa, kama unapotakiwa kutoa ushahidi wa mpaka wa shamba unasema ulivyouona hata ukimuudhi ndugu yako. Kama kuna kikundi cha akiba, jiunge nacho kama mwanachama wa kawaida. Kama wazee wa usuluhishi wanaketi, nenda ukasikilize, ujifunze kesi zinavyokwenda. Usikubali kushika orodha ya kuwaandika wasiokuja kazini Jumamosi: kazi hiyo itakupa cheo kwa mwaka mmoja na kukunyima majirani kwa miaka kumi.

Ukifika 2030 ukaamua kusimama, hutahitaji kuwaeleza watu wewe ni nani. Na ukiamua kutosimama kwa sababu unaona hatari yake, hiyo nayo ni hekima, na kazi yako kilimani haitakuwa imepotea. Mjane aliyepata kiwanja chake kwa ushahidi wako hatakuuliza kama ulishinda uchaguzi.